Maswali Baadaye

Bibi Cherehani alitia mguu mlangoni ili muuza mkaa asipate kuufunga.

"Jumapili kuna mkutano wa mtaa," akasema. "Unakuja."

Muuza mkaa akajitetea kwamba mgongo unamuuma, kwamba Jumapili ndiyo siku yake ya kulala, kwamba mikutano yenyewe ni porojo tupu. Bibi alimsikiliza mpaka akaishiwa, na mguu hakuutoa. Kisha akamuuliza, kwa upole, mwanawe mdogo sasa ana umri gani. Mwanamume akainamisha macho. Mtaa mzima ulijua kwa nini anauliza.

Msimu wa mvua uliopita, mtaro ulio wazi nyuma ya nyumba zao ulimchukua mjukuu aliyekuwa akimlea. Mtoto alikuwa akifukuzia kandambili yake iliyoangukia majini. Walimwopoa kule chini penye daraja, kandambili ikiwa mkononi. Tangu hapo bibi alishona nguo za watu bila hadithi, bila utani. Ukuta wa mbele wa nyumba yake hakuupaka rangi tena, kwa sababu mtoto alikuwa amechora kuku pale kwa mkaa, kuku wa miguu mitatu. Mvua ikipiga upande ule, bibi hutoka mbio kuufunika kwa turubai.

Alichotaka ni kimoja tu: mtaro uhamishwe kabla haujala mtoto mwingine. Halmashauri ilikuwa tayari. Mhandisi alikwisha kupima wiki ile ile ya msiba, wakati bibi yuko kitandani hajitambui. Ilibaki wakazi wakubali, na hapo kanuni haina mzaha: isipofika nusu ya kaya, hakuna uamuzi. Na mikutano yote ilihudhuriwa na mwenyekiti, bibi, na mlevi mmoja aliyefuata kivuli. Mwenyekiti alivitazama viti vitupu, akasema haya, tuahirishe, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Huko kutuliwa mzigo ndiko kulikomtia bibi shaka. Mwenyekiti alikuwa seremala, rafiki wa marehemu mumewe, na lile jeneza dogo alilitengeneza yeye, akakataa malipo. Lakini siku hizi alimkwepa. Mara aweke mkutano siku ya soko, mara siku ya mpira. Jioni moja akaja mwenyewe, akakaa ukingoni mwa kiti akizungusha kofia mikononi.

"Shemeji, kwa nini usihamie kwa binti yako? Upumzike."

"Unanifukuza?"

"Hata. Kuna jambo nataka nikueleze kuhusu huo mtaro."

"La mtaro litaelezwa mkutanoni, mbele ya watu."

Akamfungulia mlango. Moyoni alikwisha kata shauri: mzee huyu amekula cha mtu.

Basi akaingia njiani mwenyewe, nyumba kwa nyumba, miguu imevimba. Aliyesema hana nguo ya kutokea mbele za watu, akamshonea. Aliyesema hana wa kumwachia mtoto, akaambiwa aje naye. Vijana waliosema kura haibadilishi kitu, akawauliza kukaa barazani kutwa kumebadilisha nini. Na wote aliwafundisha somo moja. Mkono uupandishe juu, uonekane. Na maswali yasitangulie, maana watu wa mtaa huu wakianza kuulizana watagombana, wataondoka mmoja mmoja, na akidi itavunjika kabla ya kura.

Jumapili ukumbi wa shule ulijaa hadi madirishani. Bibi aliketi mbele. Kwa mara ya kwanza tangu msiba alijisikia fahari, na akajionea haya kwa kuisikia. Mhandisi alikaa pembeni, kopo la rangi na brashi miguuni pake. Mwenyekiti alihesabu vichwa taratibu, akarudia tena kuhesabu. Hakuwa na namna. Akidi ilikuwa imetimia.

"Kabla ya kura," akasema, "naomba mhandisi atueleze..."

Muuza mkaa akasimama, mgongo wake na yote. "Ndiyo. Huo mtaro mpya utapita wapi?"

Minong'ono ikaanza. Mama mmoja wa nyuma akamshika mwanawe mkono, tayari kuondoka. Bibi akainuka.

"Kaa, baba. Kura kwanza, maswali baadaye."

"Shemeji," mwenyekiti akasema polepole, "hilo ni swali la kujibiwa kwanza. Nakuomba."

"Umetuahirisha vya kutosha."

Ukumbi ukapiga makofi. Bibi akanyoosha mkono wake, wa kwanza, juu kabisa, na mikono ikafuata safu kwa safu, hata ya wale vijana wa barazani. Mwenyekiti peke yake hakunyoosha. Akatangaza kwamba hoja imepita, na kwamba kwa kanuni uamuzi wa akidi haurudi nyuma. Kisha akakaa, akajifunika uso kwa kofia yake. Bibi akamwona, akasema moyoni, aibu imemfika.

Mhandisi akabeba kopo lake akatoka kutia alama njia ya mtaro mpya, kwa kuwa vibarua walikuwa waanze kesho yake asubuhi. Watu wakamfuata wakiimba, bibi mbele yao, akicheka na kulia kwa pamoja. Wakaipita nyumba ya muuza mkaa, wakaipita karakana ya seremala. Penye kona mhandisi akakunjua ramani yake, akatazama kushoto, akatazama kulia, akaenda moja kwa moja hadi ukutani. Akasogeza pembeni turubai lililobaki tangu mvua ya usiku, akachovya brashi, akapiga msalaba mwekundu juu ya kuku wa miguu mitatu.