Kigingi cha Mji Mpya

"Nakuambia kaking'oe!" Panya alimfokea mumewe. "Mji wa Simba umejaa, wanajenga mwingine huku kwetu. Penye kigingi ndipo patakapobomolewa."

"Nani kakuambia? Tuulize kwanza, mama watoto."

"Uulize mpaka wanangu walale nje?"

Panya hakungoja. Alikichomoa kigingi mlangoni pake, akakichomeka kwa jirani yao Fuko, ambaye haoni vizuri. Hata hivyo usingizi haukumjia.

Asubuhi Kalunguyeye, mpima viwanja, alibisha hodi. Panya akafungua mlango, watoto wakiwa nyuma yake.

"Mama, fungasheni vyombo," alisema Kalunguyeye. "Fuko anabaki, maana wenye vigingi ndio tuliowagawia viwanja. Hapa kwenu inapita barabara."