Nakala ya Siwema

Siku hizi huendi kwenye usaili mwenyewe. Unatengenezewa nakala yenye sauti yako na akili yako, ndiyo inayokwenda. Ikifaulu, inaajiriwa yenyewe, wewe unabaki nyumbani kula mshahara wake.

Mimi na dada yangu Siwema tulibishana mwaka mzima kazi ipi ngumu kupata. Nakala yangu iliomba uhandisi wa programu, ikapewa mafumbo kumi ya kompyuta. La tisa likaishinda.

"Mafumbo tu, Kibwana?" Siwema alinicheka. "Njoo benki ya uwekezaji uone. Wanachukua mmoja katika elfu tatu."

"Wanatafuta mtu wa kuvaa suti na kununa."

Jumapili ikawa hatua ya mwisho ya usaili wa Siwema benki. Nakala yake impigie mama simu, imridhishe kwamba ni mwanawe hasa. Benki wanasema anayemweza mama hashindwi na tajiri yeyote.

Mama aliongea nayo dakika arobaini. Ilimuuliza habari za magoti yake, haikumkatiza hata mara moja. Mama akacheka kicheko ambacho sijakisikia tangu baba afariki.

"Ndiye," akawaambia watu wa benki waliokuwa wakisikiliza kwenye simu. "Huyu ndiye mwanangu."

Niliruka. "Umepita, dada! Kumbe benki ni mteremko!"

Siwema alimgusa Mama bega. "Mama, inatosha sasa. Kata simu tule."

Mama akausogeza mkono ule pembeni, taratibu.

"Subiri, mwanangu," akaiambia simu. "Kuna mtu hapa ananipigia kelele."