Roketi ya Kuombea Mvua

Kitako cha bunduki kilimpata Khun Nyunt shavuni kabla hajaondoa mguu kwenye kanyagio. Kerezo, mashine yake ya kuchongea mti, lilizunguka peke yake mara mbili tatu, likasimama. Damu ilidondokea kwenye mpini wa mwavuli aliokuwa akiukereza.

Askari sita walikuwa wameingia karakana kwa pamoja. Kapteni wao alikwenda moja kwa moja kwenye rafu, akachukua roketi ya mti, ndefu kama mkono wa mtu, yenye pua iliyochongoka na mapezi manne.

"Nini hiki?"

"Roketi, afande. Ya kuombea mvua. Kila mwaka mwezi huu tunarusha."

"Mvua ya chuma, siyo?"

Askari walicheka. Kapteni aliigonga roketi kwa kucha, ikalia kama ngoma. Ilikuwa tupu ndani.

"We mzee, usinifanye mtoto. Hiki ni kielelezo. Wenzako wa msituni wanakizungushia udongo, wanamimina chuma, wanapata kombora. Wiki hii nimezika vijana tisa."

"Mimi fundi wa miavuli, afande. Hii ni mchezo tu."

Kapteni aliipiga roketi kwenye ukingo wa benchi, ikapasuka vipande. Kisha aliushika mkono wa kushoto wa mzee, akaulaza pale pale penye vipande, akamtazama sajenti. Sajenti alikuwa ameshaokota nyundo.

Nang Ohn, binti wa mzee, alipiga yowe hata kabla nyundo haijashuka. Kidole cha mwisho kilivunjika kwa sauti ndogo, kama kijiti kikavu.

"Vijana wa kijiji hiki wako wapi?"

"Wanachuma chai."

Nyundo ilishuka tena. Khun Nyunt alipiga magoti, mkono ukiwa bado umebanwa juu ya benchi.

"Nauliza tena. Wako wapi?"

"Wanachuma chai, afande. Hata ukivimaliza vyote kumi, ni chai tu."

Sajenti aliinua nyundo mara ya tatu. Nang Ohn alimng'ata askari aliyemshika, akachomoka, akajitupa miguuni pa Kapteni.

"Mwacheni akereze nyingine! Mbele yenu! Tuirushe, mjionee wenyewe kama ni mchezo!"

"Nyamaza wewe!" baba yake alifoka.

"Watakuua, baba!"

Askari aliyeng'atwa alimpiga teke la mbavu. Akajikunja, lakini hakuacha kusema. "Irushwe, afande. Irushwe tu, mtaona."

Kapteni aliwasha sigara, akawaza. Wazo lilimpendeza.

"Haya, kereza. Ikiruka kama mchezo wa watoto, tunaondoka. Isiporuka, binti tunakwenda naye."

Khun Nyunt alichagua gogo la mti mwepesi, akalifunga kwenye kerezo. Vidole viwili vya kushoto havikuweza kushika kitu, hivyo Nang Ohn alimfungia patasi kwenye kiganja kwa kitambaa. Mzee akakanyaga. Kamba ilivuta, gogo likazunguka, na maranda ya kwanza yakaruka yakiwa na matone ya damu. Kila patasi ilipogusa mti, mtetemo ulimpanda hadi begani, akauma meno. Alipotua kidogo kuvuta pumzi, sajenti alimchapa mgongoni kwa mkanda. Alipozimia, walimmwagia maji ya ndoo, akainuka, akatafuta kanyagio kwa mguu kama kipofu.

Jua lilipofika utosini roketi ilikuwa imetoka. Aliitoboa ndani hadi ukuta wake ukawa mwembamba kama ukucha, akaipiga msasa, ingawa hakuna aliyemwambia aipige. Nang Ohn alishindilia baruti kwenye kipande cha mwanzi, akakichomeka ndani. Kapteni alichovya kidole kwenye kopo la unga mwingine waliouchanganya na baruti.

"Na huu unga wa njano?"

"Wa moshi. Watoto hawafurahi wasipoona moshi."

Kapteni alionja, akatema, akatikisa kichwa.

Waliwasukuma hadi kwenye mashamba makavu ya mpunga nyuma ya hekalu. Khun Nyunt aliisimamisha roketi juu ya fito tatu. Midomo yake ilikuwa imevimba, maneno yakitoka kwa shida.

"Askari wako wote waje waone, afande. Asije mwingine kesho akasema hakuona, nikavunjwa hivi vilivyobaki."

Kapteni alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Alipiga filimbi. Wakaja wote, hata waliokuwa wakilinda malori yaliyowaleta kijijini, watu sitini na kitu, wakasimama katikati ya shamba na sahani zao za wali mkononi.

Mzee aliwasha utambi kwa sigara ya Kapteni, akamshika binti yake, wakachechemea hadi nyuma ya ukuta wa matofali wa hekalu.

"Fundi anaikimbia kazi yake!" sajenti aliwapigia kelele.

"Huwa zinapasuka!" Khun Nyunt alijibu.

Haikupasuka. Ilifyatuka ikipiga mluzi, ikapanda wima, ikapita kilele cha hekalu, ikaendelea kupanda huku ikichora mstari mnene wa njano katika anga safi. Askari walishangilia. Mmoja alitupa kofia juu.

"Kumbe ni mchezo kweli," alisema Kapteni, uso wake ukiwa bado umeelekea juu.

Nyuma ya ukuta, Khun Nyunt alikuwa ameshamlaza Nang Ohn kifudifudi na kujilaza juu yake.

"Vijana wameiona, baba?"

"Ziba masikio," mzee alisema, na ng'ambo ya mashamba kilima kizima cha chai kikaanza kufyatua risasi.