Maji ya Jezi

Msimu mzima timu ya mji ilikuwa ikifungwa, na msimu mzima Bi Somoe, mama yake golikipa, alikuwa akiifua jezi ya mwanawe bombani, mbele za watu. Wanawake waliponong'ona kwamba Msham anauza mechi, aliwasukumia beseni.

"Njooni mtazame! Aliyeuza mechi hujigaragaza hivi?"

Maji yalikuwa mekundu kwa udongo wa uwanjani. Walitazama, wakarudi kwenye ndoo zao.

Jumapili hii, baada ya mabao sita yaliyoishusha timu daraja, Msham alimkabidhi jezi bila kumtazama usoni.

"Kapumzike, baba," mama yake alimwambia.

Bombani akaitumbukiza, akafikicha viwiko, akafikicha kifua. Povu likatoka jeupe. Akakamua, akafikicha tena, mara hii kwa hasira, kana kwamba jezi ndiyo iliyomficha jambo. Maji yakabaki maangavu hata akauona uso wake mwenyewe ndani ya beseni. Mabao sita, na mwanawe hakuanguka chini hata mara moja.

"Shoga, mbona leo hutuiti?" jirani yake Mwanahawa aliuliza, akitua ndoo. "Tusije kutazama?"

"Njooni, kwani nani kawazuia?"

Wakaja kweli, wakijifunga khanga vizuri viunoni. Bi Somoe akawapa mgongo haraka, akachota udongo mwekundu chini ya bomba kwa viganja viwili, akautia ndani ya beseni. Kisha akainama, akaendelea kufua.