Mvua ya Dukani

Tulia alikuwa ameshasikiliza seti mbili za spika za televisheni, za bei ya juu, na moyo wake umetulia tu. Muuzaji akaunganisha ya tatu, ya bei chee, akaweka filamu yenye mvua.

Matone yakaanza nyuma ya kisogo chake, polepole, kisha yakamzunguka kama yanavyoizunguka nyumba yao ya bati kule Kisondela, kusikokauka mvua.

“Jamani, nguo zangu!” Tulia akachomoka mbio kwenda kuanua.

Nje jua lilikuwa linawaka. Alisimama barazani amekinga kiganja, akingoja hata tone moja.

“Dada, hiyo mvua ya spika!” muuzaji alicheka.

“Nifungie hiyo hiyo, kaka,” alisema, akifuta kiganja kikavu kwenye kanga yake. “Kesho nahamia Dodoma, kwenye ukame.”