Kofia ya Mjomba

Mshauri nasaha alipomwomba Mjomba Faki asubiri nje, Vuai alidhani kuna kosa wamefanya. Mjomba ndiye aliyemsemea siku zote: alimpelekea posa, na juzijuzi tu, msibani, ndiye aliyewashukuru watu waliokuja kumzika mtoto wa Vuai. Sasa mlango ulikuwa umefungwa, na kwenye kiti cha mjomba ilibaki kofia yake tu.

"Haya, baba, nakusikiliza," alisema mshauri, mama wa makamo mwenye miwani.

Vuai aliutazama mlango, akaitazama kofia. Anisikilize mimi? Tangu lini mtu akapeleka jambo zito kwa kinywa chake mwenyewe?

Mwishowe alihamia kwenye kiti cha mjomba, akaivaa ile kofia, akakohoa kidogo kama afanyavyo mjomba.

"Bismillahi. Tumekuja kwa ajili ya kijana wetu, Vuai," alisema. "Tangu azike mwanawe, halali wala hali chakula. Hata mkewe hamsemeshi."

Mama yule hakucheka.

"Na Vuai mwenyewe yuko wapi?" aliuliza taratibu.

Vuai akageuka, akakitazama kile kiti alichotoka kukikalia. Mto wake ulikuwa bado umebonyea.