Firigisi ya Mgeni

Selpher alipakua firigisi akaiweka kwenye sahani ya mwanawe. Tangu mzee azikwe, Isaiah ndiye mwanamume wa nyumba ile ya Shianda, ingawa alikuwa kidato cha pili tu.

Isaiah hakuiangalia mara mbili. Aliichukua akaihamishia sahani ya mgeni, macho chini.

Moyo wa Selpher ulijaa. Angalau adabu hajaisahau!

Wiki nzima kijana alikuwa amegoma kurudi shule. Hataki, na hasemi kwa nini. Alikuja nyumbani kwa malapa, eti viatu vimepotea. Ni vile ambavyo fundi wa sokoni alivibandika kipande cha tairi kwenye kisigino cha kulia, hata Selpher akamtania kwamba sasa anatembea kama trekta. Mama wa watu alilia mpaka macho yakavimba. Mtoto ni huyo mmoja, na tumaini lote liko kwake.

Leo, mvua ilipokatika tu, Willis akapiga hodi. Kijana mpole, wa kimo kimoja na Isaiah, viatu vimejaa tope mpaka kwenye kamba. Aliinama avivue, Selpher akamzuia.

"Acha, mwanangu. Mgeni havui. Ingia tu hivyo hivyo."

Mezani, Willis aliombea chakula bila hata kuombwa.

"Tunalalanga bweni moja na Isaiah, Mama," alisema akitafuna firigisi. "Wenzake wanamuulizia sana. Mwalimu amenituma nimrudishe."

"Kumbe uko na marafiki na unaninyamazia!" Selpher alimwambia mwanawe, akicheka kwa mara ya kwanza wiki hiyo.

Ugali wa Isaiah haukuguswa.

"Isaiah," Willis akasema taratibu. "Chukua begi."

Kijana akainuka papo hapo. Kumbembeleza kote kule kulishindikana, na mwenzake kaweza kwa neno moja! Selpher aliwasindikiza hadi kwenye bodaboda, akamshika Willis mikono yote miwili.

"Nakuachia ndugu yako. Umuangalie."

"Nitamuangalia, Mama."

Bodaboda ilipopotelea kwenye miwa, alirudi ndani akiimba, akachukua kitambaa apanguse tope sakafuni. Akapiga magoti. Wimbo ukakatika.

Kutoka mlangoni hadi chini ya kiti cha mgeni, kila alama ya kisigino cha kulia ilikuwa na meno ya tairi.